Masikio Yaonekane

Nilistaafu Ijumaa. Jumamosi mchana nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye migomba ya mama yangu, huko Muyinga, kamera mpya mkononi na siafu ndani ya blauzi. Inès, ambaye sasa ndiye mwenye kiti changu pale studio ya Gitega, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kazini kurasa chache za yale niliyojifunza. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba mtanivumilia mpaka nifike kwa hao siafu. Nimejaribu kuandika bila wao, na kila nikianza nacheka peke yangu mpaka majirani wanachungulia.

Habari za vyeo na mshahara siziandiki. Vyeo pale studio vilikuwa viwili tu, mwenye ufunguo na asiye na ufunguo, na mshahara wetu ukiuandika hata sentensi haijai. Nitaandika juu ya kamera, na juu ya picha moja niliyoitafuta kazi yangu yote nikaikosa.

Mimi nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Mpigapicha wa kwanza niliyemwona maishani hakuwa wa harusi. Alikuwa bwana wa kadi za chakula. Alitundika shuka jeupe, akachora mstari chini mbele yake, akaita familia moja moja, na kwa kila mtu maneno yake yalikuwa yaleyale: "Simama wima. Usicheke. Masikio yaonekane." Mama yangu alikuwa na kicheko ambacho watu walikijua kabla hawajamjua yeye. Zamu yake ilipofika, kuku akapita nyuma ya shuka, shuka likatikisika kama lina mtoto ndani, na mama akacheka. Picha ikaharibika. Akarudishwa mwisho wa foleni, jua likazama kabla hajafikiwa, na jioni ile tulikunywa uji wa kuazima.

Mama hakusahau. Kicheko chake alirudi nacho Burundi kikiwa kizima, mpaka leo akicheka uani kwake wanaochuma kahawa ng'ambo ya bonde wanainua vichwa. Lakini akiona lenzi tu, uso unafungwa kama duka siku ya msiba. Mgongo unanyooka, kilemba kinasogezwa juu ya masikio, midomo inabanwa. Huyo ndiye mama niliyekuwa naye kwenye picha zote: mwanamke wa kadi ya chakula.

Tuliporudi nchini, mama alikwenda Muyinga kwenye shamba la ukoo, mimi nikashuka Gitega kutafuta kazi. Niliipata mtaa wa Nyamugari, kwa Mzee Hamisi, mpigapicha aliyekuwa na chumba kimoja mbele, chumba cha giza nyuma, na kamera moja ambayo lenzi yake haikutoka. Iliumbwa nayo na ingekufa nayo. Nilipomuuliza siku ya kwanza kwa nini asitafute yenye lenzi za kubadilisha kama za watu wa Bujumbura, alinitazama kwa huruma.

"Binti," akasema, "mchagua jembe si mkulima."

Kesho yake akanituma kwenye harusi na kamera ile. Nilisimama, nikainama, nikapanda juu ya benchi, nikabonyeza kutwa nzima. Jioni nikamkabidhi kamera kwa mikono miwili. Akaifungua mbele yangu: haikuwa na filamu. Mpigapicha wa kweli wa harusi ile alikuwa mpwa wake, aliyekuwa upande wa pili na kamera ya kuazima, na mimi hata sikumwona.

"Sasa nieleze ulichokiona," akasema Mzee Hamisi.

Nikaeleza mpaka maghribi ikaadhiniwa. Alinisikiliza, akawa anauliza: shangazi wa bwana harusi alishika nini mkononi? Mzee wa kona alicheka kabla ya hotuba au baada? Niliyoyajua aliyanyamazia, nisiyoyajua aliyacheka. Wiki iliyofuata yule shangazi alikuja studio kudai picha zake, maana alikuwa amenipangia mikao kadhaa mizuri sana. Mzee Hamisi akamwambia filamu ilipata ajali. Nilijificha kwenye chumba cha giza, ngumi mdomoni nisicheke.

Chumba kile ndicho kilichonilea. Taa nyekundu, mabeseni ya dawa, kamba ya kuanikia picha, na vibanio vya nguo ambavyo mke wa Mzee Hamisi alivihesabu kila Jumatatu kwa sababu hakutuamini. Uso wa mtu ulikuwa unapanda taratibu kwenye karatasi ndani ya maji, macho kwanza. Sijazoea mpaka leo. Kila macho yalipotokea nilimwita mtu aje aone, na Mzee Hamisi alikuwa akisema, "Funga mlango, binti, unamwachia mtu wa watu jua."

Somo lake lilikuwa moja. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, msogelee. Ukitaka awe mdogo, rudi nyuma. Miguu umepewa bure. Na ukishamsogelea, kaa naye, mpaka achoke kukuona. Alinipeleka sokoni nikasimama mbele ya muuza ndizi bila kupiga chochote, mpaka yule mama akaacha kujitengeneza, akaanza kugombana na mteja wake, akanisahau kabisa. Hapo ndipo Mzee Hamisi aliponigusa bega: "Sasa."

Njia hiyo imenifaa kwa maharusi, kwa mapadri, kwa wapiga ngoma, hata kwa mbuzi wa mahari. Kwa mama yangu haikufaa hata kidogo. Nilikaa naye siku nzima mara nyingi, kamera mapajani. Alinisahau mimi, kamera hakuisahau.

Kisha akaja Bisimwa. Wengi mnamjua kama bosi wa tawi la Muyinga, lakini mimi nilimpokea akiwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kusini, ana begi moja la nguo na begi kubwa kuliko hilo la lenzi. Lenzi fupi, ndefu, nene, moja ina mkwaruzo aliousimulia kama kovu la vita. Mzee Hamisi alilitazama begi lile lote, akauliza kama anauza masufuria.

"Mzee, masufuria njo haya haya," Bisimwa akamjibu. "Mutu hawezi pika mboga na chai mu sufuria moya."

Ugomvi ukaanza siku ile, na mimi na Bisimwa tumeurithi tukaufuga kama ng'ombe wa maziwa. Yeye upande wa lenzi nyingi, mimi upande wa lenzi moja. Na kwa haki ya Mungu, kila mmoja alishinda mara zake.

Yeye alishinda kanisani. Kulikuwa na padri mmoja, upande wa Mushasha, aliyekuwa na nguzo yake: mpigapicha asiivuke nguzo ya pili, hata kama bibi harusi ni mpwa wa askofu. Mimi na lenzi yangu moja, kutoka nyuma ya nguzo ile, nilirudi na picha za migongo ya watu na, mbele kabisa, vitu viwili vidogo, kimoja cheupe kimoja cheusi, ambavyo wazazi walilazimika kuamini kwamba ni watoto wao. Bisimwa akavuta lenzi yake ndefu, akaishikilia kama mwanajeshi, akarudi na chozi kwenye shavu la bibi harusi. Sikusema neno wiki nzima. Yeye alisema ya watu wawili.

Mimi nilishinda kwenye mahari. Mnajua nyumba zetu siku ya kutoa mahari: viti mpaka mlangoni, wazee wa pande zote mbili wanatupiana maneno matamu, mtungi wa bia ya mtama katikati na mirija yake. Mnajua pia mchezo wa familia zenye utani, kwamba wageni wakiomba waonyeshwe binti, hutolewa kwanza mtu mwingine, amefunikwa shuka, na wageni wanatakiwa wakatae kwa adabu. Bisimwa hakuujua. Ulikuwa msimu wake wa kwanza Muyinga. Alipotoka mtu aliyefunikwa, anatembea polepole kwa madaha, Bisimwa akapiga magoti, akapiga kutoka chini, akapiga kutoka kwenye kiti, akamaliza filamu nzima. Shuka likavutwa: bibi yake bi harusi, hana jino la mbele, anapunga mkono. Bisimwa akaanza kuhangaika, weka filamu, badili lenzi, kifuniko kimoja mdomoni na kingine kwapani, na hapo ndipo alipoingia binti mwenyewe. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Niliinua kamera, nikabonyeza. Bisimwa alikuwa nyuma yangu anasema kitu, lakini kwa kifuniko mdomoni hakusikika.

Zile picha za bibi, nisizisemee vibaya, zilikuwa nzuri kuliko zangu. Familia ilizichukua zote.

Mzee Hamisi alifariki kabla filamu hazijafa, nami nashukuru, maana angezililia. Zilipokuja kamera za kadi, chumba cha giza kikawa stoo, na taa nyekundu ikahamia kwenye banda la vifaranga la jirani. Tulijifunza upya. Bisimwa alijifunza kwamba vumbi la barabara ya Karusi likiingia ndani ya kamera wakati wa kubadili lenzi, linapiga nukta ileile kwenye mbingu ya kila picha. Kuna harusi ambayo mpaka kesho wanadhani kulikuwa na kunguru. Mimi nilijifunza kwamba kamera yenye lenzi isiyotoka haiingizi vumbi kirahisi, na nilimkumbusha hilo kila alipokuwa anakula.

Kuna kazi moja ya studio ambayo sikuwafundisha vizuri, kwa sababu sikuipenda. Mnaijua: mtu anaingia asubuhi, hajapata usingizi, ana kitambulisho mkononi. "Mama, tukuzie hii, ya kuweka mbele ya jeneza." Nimekuza nyuso nyingi za vitambulisho. Watu waliocheka, walioimba kwaya, waliokuwa walevi wazuri wa kila sherehe, wote wanatoka kwenye mashine wamekaza shingo, wanatazama kama wameulizwa swali gumu. Na mara nyingi familia inaniambia, "Si ndiye, lakini hatuna nyingine." Kila nilipozifungia fremu nilimwaza mama yangu. Mama amekuwa mzee sana. Jicho moja lina ukungu, mkongojo hauachi. Mimi, mpigapicha, binti yake wa pekee, nilikuwa naelekea kuja siku moja kukuza ile ya kadi ya chakula.

Sasa nimefika kwenye kustaafu. Mlichanga, mkataka kuninunulia kamera, na Mungu awabariki. Bisimwa akamtafuta mteja wake wa Kobero, pale mpakani, mfanyabiashara anayevuka kwenda Kabanga ya Tanzania na kurudi kama mtu anavyokwenda chooni, akaleta mbili. Tuangalie, tuchague, moja irudi Jumatatu.

Ya kwanza ilikuwa ya kubadilisha lenzi, hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, ambazo unaiona picha kwenye skrini ndogo ya jichoni kabla hujabonyeza. Ilikuja na lenzi mbili, na moja ni ndefu kama mkono wa mtoto. Inamtafuta mtu jicho yenyewe, inalishika, hailiachii hata akikimbia. Ya pili ilikuwa ndogo, ya gharama, imetengenezwa vizuri kama saa ya babu, na lenzi moja tu isiyotoka. Haivuti karibu. Haipeleki mbali. Ukibonyeza, haitoi mlio wa maana, kama mtu amebana kucha. Niliishika nikamsikia Mzee Hamisi akikohoa.

Bisimwa alikuwa amekwisha kunichagulia.

"Mama Aline, weye unapenda taabu ya bule," akasema, anaigeuza ile ndogo kama anaitafutia kasoro. "Hii lentille balishaifunga pale, na iko pale mpaka mwisho. Hii ingine unatoa moya, unaweka ingine. Iko na nguvu, vraiment. Ukisimama Gitega unaona mutu wa Ngozi."

"Na huyo mtu wa Ngozi nina shida naye gani?"

"Zumu, Mama Aline. Zumu!"

"Mimi miguu ninayo."

"Miguu ya kustaafu," akasema, na wote mkacheka, wasaliti wakubwa.

Inès ndiye aliyetutuliza. Alikuwa amekaa juu ya meza, ambako nimemkataza tangu aje, anakula karanga.

"Mama, mi nauliza kitu kimoja tu," akasema. "Hiyo kamera, we unaenda kupiga nini nayo?"

Nilifungua mdomo nitaje mandhari, ndege, wajukuu. Badala yake nikasema ukweli. Nikasema nataka picha ya mama yangu akicheka, moja tu, kabla sijaletewa kitambulisho chake. Nikasema kamera itakayonipa picha hiyo ndiyo nitakayobaki nayo, nyingine irudi Kobero.

Bisimwa akaiweka chini ile ndogo, kwa heshima safari hii.

"Alors," akasema, "kesho tunaenda Muyinga."

Tukaenda watatu, yeye na Inès na mimi, kamera mbili zikiwa mapajani mwangu kama mapacha. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Njia nzima tulipanga vita. Bisimwa angekaa na mama uani, amsimulie ile habari ya bibi wa Muyinga aliyefunikwa shuka, habari ambayo mama huiomba kila mara na kila mara huanza kucheka kabla shuka halijavutwa. Mimi ningejificha kwenye migomba na lenzi ndefu. Mama hangeniona. Hata kama kamera anaisikia kwa pua, kwa umbali ule angesikia nini?

Ikawa hivyo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharagwe. Inès akamwambia nimepita kwa jirani. Bisimwa akaanza hadithi, mikono juu. Mimi nikalala kwenye majani makavu, nikainua ile kubwa, na lo! Siwadanganyi, nilikuwa natamani nimpigie Bisimwa saluti. Uso wa mama ulinijia pale pale jichoni, kila mkunjo, hata ule ukungu wa jicho. Kamera ikalishika jicho lake, ikatulia. Bisimwa akafika kwenye madaha ya bibi. Pembe ya mdomo wa mama ikaanza kutetemeka. Nikaweka kidole.

Siafu wana adabu moja tu: wanasubiri wapande wote, ndipo waanze kwa pamoja.

Nilitoka kwenye migomba ile nikipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Nilimrushia Inès kamera, akaidaka, Mungu ampe watoto kumi. Nilijipiga tumbo, nikajipiga mgongo, nikaruka, nikavua kilemba nikajichapa nacho, blauzi nusu ndani nusu nje, mtu mwenye wajukuu. Na mama yangu akacheka. Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Alicheka akiwa ameshika mbavu, anasema, "Yoo! Yoo! Mwana wanje!" na ng'ambo ya bonde nikasikia mtu anauliza kuna nini kwa bibi yule.

Hakuna aliyepiga. Bisimwa alikuwa amekaa chini analia kwa kucheka. Inès alikuwa ameikumbatia kamera kwa mikono yote miwili, anaogopa kuiangusha. Nikakimbilia ile ndogo kwenye mkeka, nikaishika, nikageuka. Duka limefungwa. Mgongo wima, midomo imebanwa, vidole vyake vinasogeza kilemba juu ya masikio.

"Haya, piga," akasema mama. "Nimejiandaa."

Basi nikarudi kwa njia ya Mzee Hamisi. Nikakaa naye mkekani, bega kwa bega, kamera ndogo mapajani, nikachambua maharagwe. Tukazungumza habari za kahawa, za mbuzi aliyezaa, za shemeji anayesumbua. Alicheka mara mbili, vizuri, na mara zote mbili kidole changu kilipogusa kitufe akanyooka. Kamera haikutoa hata sauti. Sijui alijuaje. Mwishowe nikachoka kumwinda kama panzi, nikamwambia.

"Mama, nataka picha yako ukicheka."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo.

"Ukicheka wanakurudisha nyuma," akasema.

"Nani? Mpigapicha ni mimi."

"Ndiyo maana nakusaidia isiharibike." Akachukua punje ya haragwe, akaitupa kwenye ungo. "Wewe ulikuwa mdogo. Ulilala ukilia."

Siku zote nilidhani ni woga wake wa foleni. Kumbe ni mimi. Kila nilipoinua kamera, mama alikuwa ananilinda nisilale na njaa. Machozi yalinitoka na nilikuwa bado najikuna siafu, kwa hiyo sura yangu haikuwa ya mtu wa kuheshimika.

Mama akaninyooshea mkono. "Nipe hiyo."

Nikampa ile ndogo. Akaigeuza mbele na nyuma. Haikuwa na kitu cha kuvuta wala cha kuzungusha, kwa hiyo hakupotea. "Natazama wapi?"

"Hapo kwenye dirisha dogo."

Akaweka jicho zima, lile lisilo na ukungu. "Uko mbali. Nikitaka uwe mkubwa?"

"Nisogelee, mama."

Akajiinua kwa mkongojo, akaja hatua kwa hatua juu ya maharagwe yaliyomwagika, mpaka nikawa mkubwa wa kumtosha. Kisha akaniambia, kwa sauti nisiyoisikia tangu utotoni, sauti ya yule bwana mwenyewe:

"Simama wima. Usicheke. Masikio yaonekane."

Nilikuwa na majani ya migomba kichwani. Blauzi imepinda. Nikajitahidi, nawaapia nilijitahidi. Nikaondoa nywele masikioni, nikabana midomo. Siafu mmoja aliyebaki akaniuma kwapani. Nikapasuka.

"Umecheka!" mama akapaza sauti. "Imeharibika! Nyuma ya foleni!"

"Mama, hakuna fo..."

"Nyuma!"

Na alikuwa anamaanisha. Akanielekeza kwa mkongojo, nikaenda kusimama nyuma ya Inès, na Inès nyuma ya Bisimwa, katikati ya uani, watu wazima watatu. Bisimwa akaitwa. Akasimama kama mti, akadumu kidogo, akapasuka, akarudishwa. Inès hata mbele hakufika. Majirani wawili waliokuja kuuliza kelele za nini wakaambiwa wapange mstari, wakapanga. Kila aliyecheka mama alimrudisha, na kila alipomrudisha alicheka zaidi yake, kamera kifuani, kilemba kimeanguka mabegani, meno yake machache yote hadharani. Hakuna lenzi iliyokuwa inamtazama. Lenzi alikuwa nayo yeye.

Isipokuwa moja. Bisimwa alikuwa ametumwa nyuma ya foleni kwa mara ya tatu, na huko nyuma Inès alikuwa ameiegesha ile kubwa juu ya kinu. Kutoka pale mpaka kwa mama palikuwa mbali. Kwa lenzi ndefu hapakuwa mbali. Sikusikia chochote, nilikuwa nacheka. Nilimwona tu Bisimwa akiteremsha kamera polepole, haongei, na Bisimwa asipoongea mjue kuna jambo.

Akaja akanionyesha. Mama yangu akicheka, mdomo wazi, macho yamefinywa, ameshika kamera ndogo kama mtu ameshika kifaranga. Sina la kuongeza. Ni mama.

Kwa hiyo mnauliza nilichagua ipi. Bisimwa anasema ameshinda, picha ni ya lenzi ndefu. Nami namwambia bila ile ndogo angepiga mwanamke wa kadi ya chakula kutoka mbali. Tutagombana mpaka tuzikwe. Mnaochagua kamera mwaka huu, niwaambie tu hivi: msianze na kamera. Anzeni na swali la Inès, mkimjibu kweli.

Jumatatu, ile kubwa ilirudi Kobero. Bisimwa aliisindikiza mwenyewe kama anampeleka mtoto bwenini. Ile ndogo, zawadi yangu ya kustaafu, nilikuwa nimeichagua Jumamosi ile ile, pale uani mbele ya wote, nikanyoosha mkono niichukue.

"Inabaki hapa," akasema mama, akaifunika kwa kanga.

Mpaka leo iko kwake. Amepiga watu wa mlima mzima wamesimama wima. Mimi nimestaafu upigapicha bila kamera, na sijawahi kufurahi hivi.

Picha aliyoipiga Bisimwa nimeikuza, iko ukutani kwa mama, anaipita kila siku na kusema huyo bibi hana nidhamu. Nyingine nimeiacha studio, Inès, kwenye droo ya juu. Ndiyo aliyonipiga mama. Imepinda kidogo, kidole chake kimekula kona moja, nina jani la mgomba kichwani na nimecheka mpaka koo linaonekana. Siku yangu ikifika, asije mtu akawaletea kitambulisho. Kuzeni hiyo. Mama anasema imeharibika, na kila nikienda Muyinga bado ananirudisha mwisho wa foleni. Lakini iangalieni vizuri, masikio yote mawili yanaonekana.